Kituo Kwanza au Zamu Kwanza?

Asubuhi ile nilikuta ndoo za maziwa zimepangwa kando ya barabara, zimefunikwa kwa majani ya migomba zisipigwe na jua, na wenyewe wamekaa pembeni wakisubiri gari. Ilikuwa saa nne. Miaka yote gari la ushirika lilikuwa likipita pale saa moja na nusu. "Mwanangu, gari mmelihamishia jioni. Na ng'ombe mmewaambia?" mama mmoja aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu, maana ripoti iliyolihamisha gari niliitengeneza mimi.

Ripoti ile haikuwa na kosa la hesabu. Lita zote zilikuwa sahihi na jumla zilikubaliana na daftari la kituo. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Katika jedwali la pivoti la Excel nilitanguliza zamu, yaani asubuhi na jioni, kisha nikaviweka vituo ndani ya zamu, nikaomba asilimia. Kamati ya ushirika ikasoma kwamba kituo kile kina asilimia 20 asubuhi. Wakaelewa, kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba maziwa ya asubuhi ya kituo kile hata robo hayafiki, na mengine yote hukamuliwa jioni. Kumbe asilimia 20 ile ilikuwa fungu la kituo katika maziwa yote ya asubuhi ya ushirika mzima. Ukikitazama kituo chenyewe, asubuhi ndiyo iliyobeba asilimia 65.

Tangu hapo sipangi tena safu za pivoti kwa mazoea. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya karani, mhasibu, mtunza stoo, mwalimu wa taaluma, yeyote anayekaa mbele ya lahajedwali mwisho wa mwezi akiwa na maelfu ya mistari na watu wanaosubiri jibu. Wengi wetu tulifundishwa kuitengeneza pivoti kwa siku moja: buruta hiki hapa, buruta kile pale, tazama, jedwali limetokea. Hatukufundishwa kwamba kipi kinatangulia kipi ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na vifaa vyetu. Data ya ushirika wa maziwa ina safu wima chache: Tarehe, Kituo, Namba ya mwanachama, Mfugaji, Zamu, Lita. Kila mara mfugaji anapopimiwa, mstari mmoja unaandikwa. Tuseme kuna vituo 5, kila kituo wafugaji 60, zamu 2 kwa siku, mwezi wa siku 30. Hiyo ni mistari 18,000 kwa mwezi mmoja. Excel ina nafasi ya mistari 1,048,576 kwenye laha moja, kwa hiyo mzigo huo inauweza bila shida. Kisichouweza ni jicho la mwanadamu, na ndiyo maana tunaikusanya kwa pivoti. Kila kichwa cha safu wima kwenye data huitwa uga. Ukiifungua pivoti ya Excel, chini ya orodha ya nyuga utaona visanduku vinne: Filters cha kuchuja, Columns cha safu wima, Rows cha safu mlalo na Values cha hesabu. Nitakaa zaidi kwenye Rows. Uga ulio juu kabisa katika kisanduku hicho ndio wa nje. Unaoufuata huingia ndani yake, na wa tatu ndani ya wa pili, mithili ya sufuria zinazopangwa moja ndani ya nyingine.

Kabla hujagusa kipanya, sema swali lako kwa sauti ukianza na maneno "kwa kila". Kwa kila kituo, kila mfugaji ameleta lita ngapi? Au: kwa kila mfugaji, kila mwezi ameleta lita ngapi? Au: kwa kila zamu, kila kituo kimeleta kiasi gani? Neno linalofuata "kwa kila" ndilo uga wa nje. Huyo ndiye mwenye habari, na wote wanaokuja ndani yake ni maelezo yake. Nimewafundisha makarani wengi kwa njia hii, na sijaona iliyo rahisi zaidi, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinakulazimisha uchague. Huwezi kusema "kwa kila" halafu ukanyamaza.

Sasa turudi kwenye zile asilimia, maana hapa ndipo watu wengi huumia na ndipo nilipoumia mimi. Tuseme kituo cha kwanza kimeleta lita 12,000 kwa mwezi: 7,800 asubuhi na 4,200 jioni. Ushirika mzima umekusanya lita 39,000 za asubuhi. Ukiweka Kituo nje na Zamu ndani, kisha ukabofya hesabu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Show Values As, halafu % of Parent Row Total, Excel itagawanya kila namba kwa jumla ya mzazi wake. Mzazi wa 7,800 hapo ni kituo chenye 12,000, kwa hiyo unapata asilimia 65. Sasa geuza: buruta Zamu uipandishe juu ya Kituo. Lita ni zilezile 7,800 na wafugaji ni walewale, ila mzazi amebadilika: sasa ni asubuhi yenye 39,000, na seli inasoma asilimia 20. Excel haikupi onyo lolote. Haiwezi kujua ulikusudia kuuliza nini.

Ndiyo maana nasema asilimia isiachwe itembee peke yake. Ukiipeleka kwenye kikao, iandikie juu sentensi nzima: "Katika kila lita 100 za kituo hiki, ngapi ni za asubuhi." Ukiona sentensi inakataa kuandikika, jedwali lako bado halijajibu swali. Na kwa swali letu la gari, hata sikuhitaji kuziweka nyuga zote mbili kwenye safu mlalo. Kituo kingebaki kwenye Rows, Zamu ingekwenda kwenye Columns, na asilimia ningeiomba kwa % of Row Total. Kila kituo kingekaa mstari mmoja, asubuhi na jioni zikitazamana, jumla yake 100. Mwenyekiti angesoma kutoka kushoto kwenda kulia na gari lisingehama.

Kuna jambo la kutambua kuhusu nyuga zenyewe: zipo zinazozaana na zipo zinazokutana tu. Mkoa, wilaya, kata na kijiji zinazaana. Kijiji kimoja kina kata moja, kata moja ina wilaya moja. Zamu na kituo zinakutana tu. Asubuhi ipo kwenye kila kituo, na kila kituo kina asubuhi. Nyuga zinazokutana unaweza kuzipanga upande wowote na kila upande ukakupa maana yake. Zinazozaana zina mpangilio mmoja wenye akili, mkubwa nje na mdogo ndani. Ukizipindua, utaona dalili moja ambayo nakuomba uikariri: chini ya kila mzazi kuna mtoto mmoja tu. Kijiji, na chini yake kata moja. Kijiji kingine, na chini yake kata moja. Jedwali limekuwa refu maradufu bila kuongeza habari hata moja. Ukiona hivyo, ama umepindua, ama uga mmoja hauna kazi hapo.

Usije ukafikiri basi uga mkubwa unaweza kuutupa ukabaki na mdogo. Fikiria Majengo. Kuna Majengo Moshi, kuna Majengo Dodoma, kuna Majengo Mombasa na Majengo Nairobi, na sijamaliza. Ukiweka jina la mtaa peke yake kwenye safu mlalo, Majengo zote zitamwagwa kwenye mstari mmoja mnono, na mtu atasema kwenye kikao kwamba Majengo inaongoza kwa mauzo. Pivoti hukusanya kwa jina lililoandikwa, haijui ramani. Ukiweka mji nje na mtaa ndani, kila Majengo inarudi kwao.

Majina ya watu yana hatari ileile, na kwetu ni kubwa zaidi kwa sababu majina tunayorithishana ni machache. Kwenye orodha ya wafugaji 300, kuwapata watu wawili walioandikwa jina moja la kwanza na la baba si ajabu hata kidogo. Pivoti itawaunganisha, mmoja ataonekana ana ng'ombe wa miujiza, na siku ya malipo kutakuwa na maneno. Dawa ni kuweka Namba ya mwanachama nje na Mfugaji ndani yake. Hapo utaiona tena ile dalili ya mtoto mmoja kwa kila mzazi, ila safari hii ni halali, kwa sababu namba ndiyo inayotenganisha na jina ndilo linalosomeka. Ili viwili hivyo vikae ubavu kwa ubavu kwenye mstari mmoja, nenda kwenye kichupo cha Design, bofya Report Layout, chagua Tabular. Kisha bofya namba yoyote ya mwanachama kwa kitufe cha kulia na uondoe alama kwenye jumla ndogo za uga huo. La sivyo kila mfugaji atafuatwa na mstari wa jumla unaorudia kilekile kilichoandikwa juu yake.

Ni nini basi kiende kwenye safu mlalo na nini kiende kwenye safu wima? Mimi hutazama idadi ya vitu vilivyomo kwenye uga. Wenye vitu viwili, vitatu, hadi sita hivi, mara nyingi unapendeza zaidi kwenye safu wima. Zamu ina vitu viwili tu. Ukiiweka nje kwenye safu mlalo juu ya wafugaji 300, kila jina litatokea mara mbili, mara moja kwenye kundi la asubuhi na mara moja kwenye kundi la jioni, mistari 600 na msomaji anapekua mbele na nyuma kulinganisha. Ukiihamishia kwenye Columns, mistari ni 300 na ulinganisho uko mbele ya macho. Tarehe ni kinyume chake. Siku 30 kwenye safu wima hazitoshi kwenye karatasi ya A4 hata ukiilaza, na ukizitumbukiza kwenye safu mlalo ndani ya kila mfugaji unapata mistari 9,000, ambayo ni nusu ya data uliyoanza nayo. Hapo hujafupisha kitu. Kusanya tarehe kwa wiki au kwa mwezi kwanza, ndipo uamue zikae wapi.

Mpangilio huamua pia nani anapata zawadi. Ushirika ukitaka kuwatuza wafugaji 3 walioleta maziwa mengi, utatumia kichujio cha Top 10 kwenye uga wa Mfugaji na kubadilisha 10 iwe 3. Kama Mfugaji yuko peke yake kwenye safu mlalo, unapata watu 3. Kama yuko ndani ya Kituo, kichujio hufanya kazi ndani ya kila mzazi, na kwa vituo 5 unapata watu 15. Yote mawili ni haki kabisa, lakini ni ahadi mbili tofauti, na bajeti mbili tofauti za ndoo na mipira ya maji. Uliza kwanza mkutano uliahidi nini.

Baada ya kupanga nyuga kuna kupanga vitu ndani ya uga, na hapa Kiswahili chetu kina taabu yake. Excel inayotumika kwa Kiingereza inazijua January na Monday, hivyo huzipanga kama kalenda. Januari na Jumatatu kwake ni maneno tu, na maneno hupangwa kwa alfabeti. Ndiyo maana ripoti nyingi za kwetu huanza na Agosti, zikafuata Aprili, Desemba, Februari, halafu Januari. Wiki nayo huanza Alhamisi na kuishia Jumatatu. Nimeona watu wakikata tamaa na kuandika majedwali upya kwa mkono kwa sababu hii moja. Usifanye hivyo. Ingia File, kisha Options, kisha Advanced, shuka hadi karibu na mwisho utakuta kitufe cha Edit Custom Lists. Andika hapo miezi yako kwa mpangilio unaoutaka, hifadhi, kisha rudi kwenye pivoti uipange tena kutoka A hadi Z. Itafuata orodha yako badala ya alfabeti.

Nasema "mpangilio unaoutaka" kwa makusudi. Mwaka wa fedha wa serikali, Tanzania na Kenya pia, huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kama ripoti yako inafuata mwaka huo, orodha ianze Julai. Ila kuipanga miezi peke yake hakutoshi. Excel ikikukusanyia tarehe kwa miaka, itakata kati ya Desemba na Januari, katikati ya mwaka wako wa fedha, na kukupa nusu mbili zisizo na maana. Ongeza safu wima kwenye data yenyewe, iite Mwaka wa fedha, na kama tarehe iko kwenye seli A2 andika =YEAR(A2)+(MONTH(A2)>=7). Julai 2024 itapewa 2025, na Juni 2025 pia itapewa 2025, kwa hiyo zinakaa chini ya mzazi mmoja kama zinavyostahili. Weka uga huo nje na Mwezi ndani.

Na tahadhari moja itokanayo na majina yetu wenyewe. Ukishaandika orodha ya siku za wiki kwa Kiswahili, Excel itaitumia kila inapokutana na maneno hayo, hata kwenye uga wa watu. Mfanyakazi aliyeandikwa Jumanne tu, na wapo wengi, ataruka juu ya kina Abdallah na Asha na kukaa kileleni mwa orodha, na utahangaika kutafuta alfabeti imekosea wapi. Haijakosea. Fungua PivotTable Options, kwenye ukurasa wa jumla na vichujio, ondoa alama inayoruhusu orodha maalumu zitumike katika kupanga. Wanaotumiana mafaili wana njia nyingine ninayoipenda kuliko zote kwa unyenyekevu wake: andika mwezi ukiwa na namba mbele, "01 Julai", "02 Agosti". Orodha maalumu hukaa kwenye kompyuta ulipoiandika, lakini namba iliyo ndani ya data husafiri na faili popote liendako.

Vituo navyo havina sababu ya kukaa kwa alfabeti. Dereva huanza kituo cha mlimani na kumalizia cha barabarani, na ripoti inayofuata njia ya gari husomeka kwa urahisi na watu wote wanaoijua njia hiyo. Unaweza kushika ukingo wa seli yenye jina la kituo na kuliburuta hadi mahali pake. Au fanya hivi: simama kwenye seli unayotaka kituo kikae, andika jina la kituo hicho juu ya jina lililopo, bonyeza Enter. Kituo kitahamia pale na vingine vitasogea chini pamoja na hesabu zake. Andika kwa uangalifu lakini. Ukikosea herufi moja, Excel itadhani unakipa kile kilichokuwa pale jina jipya, na utakuwa umekibatiza kituo kingine bila kujua. Ukiburuta kwa mkono, fahamu pia kwamba kituo kipya kitakachoongezwa mwezi ujao kitakuja kukaa mwisho, hata kama gari hukipitia mwanzoni.

Sura ya jedwali ina uzito wake pia. Tangu Excel 2007, pivoti hukupa kwanza mpangilio wa kubana, ambapo nyuga zote za safu mlalo zinakaa kwenye safu wima moja, za ndani zikiingia kidogo kulia. Kwa picha utakayotuma WhatsApp na kusomwa kwenye simu, mpangilio huo ni mzuri, kwa kuwa ni mwembamba. Kwa kazi nyingine zote napendelea ule wa Tabular, kila uga na safu wima yake na kichwa chake. Ukitaka kunakili jedwali kwenda laha nyingine kwa hesabu zaidi, kwenye Report Layout ile ile chagua majina yarudiwe kwenye kila mstari, nafasi inayopatikana tangu Excel 2010, na uzime jumla ndogo zote kabla ya kunakili. Nimeshuhudia jumla ya ushirika ikitajwa mkutanoni ikiwa mara mbili ya maziwa yaliyopokelewa. Mtu alinakili pivoti yenye jumla ndogo za vituo, akajumlisha safu nzima kuanzia juu hadi chini, na kila lita ikahesabiwa mara mbili, mara moja kwa mfugaji na mara moja kwa kituo. Pakiwa na ngazi tatu na jumla zake, ni mara tatu.

Ukiona kituo kimoja kimetokea mara mbili kwenye safu mlalo kwa jina lilelile, huenda moja lina nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Safisha data kwa TRIM kisha uionyeshe upya pivoti. Herufi kubwa na ndogo zisikutishe, pivoti inazichukulia sawa. Tarehe zikikataa kukusanyika, yaelekea baadhi zimeingia kama maandishi. Na chunguza kompyuta yako imewekwa kalenda ya nchi gani: ikiwa na mpangilio wa Marekani, 03/04 uliyoikusudia iwe tarehe 3 Aprili itasomwa Machi 4.

Wanaotumia Google Sheets au LibreOffice Calc wasijione wameachwa. Vitufe vinakaa kwingine, lakini wa juu ni wa nje na wa chini ni wa ndani vilevile. Wazo hili la kuburuta vichwa na kuyageuza majedwali lilijulikana kupitia Lotus Improv, programu iliyotoka 1991 kwa kompyuta za NeXT, na Pito Salas ndiye anayetajwa kuwa baba yake. Excel ikalipokea kwenye toleo la 5, mwaka 1993. Ni zaidi ya miaka 30 watu wanaburuta nyuga, na kufikiri kabla ya kuburuta bado kunabaki kwa mtu aliyeshika kipanya.

Jambo la mwisho kwenye dawati kabla ripoti haijatoka. Mtu akibofya mara mbili hesabu yoyote kwenye pivoti, laha mpya inafunguka ikiwa na mistari yote iliyozaa hesabu hiyo, mfugaji kwa mfugaji. Kuifuta laha ya data hakuzuii hilo, kwa sababu pivoti hubeba nakala yake ndani. Kwa hiyo usimtumie mtu wa nje faili lenye pivoti hai ukidhani umemtumia jumla za vituo tu. Tuma PDF, au nakili namba tupu kwenye faili jipya. Mapato ya mtu ni siri yake.

Kwa ushirika ule, nilirudi na pivoti tatu badala ya moja. Ya kamati ilikuwa na Kituo kwenye safu mlalo na Zamu kwenye safu wima, ukurasa mmoja, sentensi ya asilimia imeandikwa juu. Ya dereva ilifuata njia ya gari. Ya tatu ilikuwa ya kubandika ukutani kwenye kila kituo: Kituo nje, Namba ya mwanachama ndani yake, Zamu kwenye safu wima, na Lita, bila jina na bila fedha. Kwenye mipangilio ya uga wa Kituo, upande wa kuchapisha, niliweka alama ya kukata ukurasa baada ya kila kituo, ili kila kimoja kipate karatasi yake. Wafugaji sikuwapanga kwa wingi wa lita, niliwapanga kwa namba, kwa sababu anayesogea ukutani anatafuta mstari wake.

Gari lilikuwa limesharudishwa saa moja na nusu. Yule mama alikuja na ndoo yake, akapimiwa, akasogea kwenye karatasi, akaweka kidole juu ya namba yake na kukipeleka taratibu kulia, asubuhi, jioni, jumla. Kisha akatoa kijidaftari kwenye mfuko wa kanga na kulinganisha.